Matanga ya Nyumba ya Bwana Kumi

"Basi uza udongo wako," Mwajabu alisema. "Mie mabati yangu nayashusha leo leo. Huyo mnunuzi wako akija atakuta kuta na mende."

Mumewe, Kondo, alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ukumbi, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

"Nyumba ni moja, Mama Zuena. Haiuzwi vipande vipande kama papa."

"Kumbe ni moja? Ilipokuwa inajengwa ilikuwa mbili. Fito na udongo ukasema vyako. Kwenye bati ukasema, 'Mama Zuena, kaanga vitumbua tupate bati.' Nikakaanga mpaka moshi ukaninyoa nyusi. Leo imekuwa moja, tena yako."

"Sikusema yangu. Nimesema tunaiuza."

"Wewe unaiuza. Mie nauzwa nayo, pamoja na kinu."

Kondo alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa limeshonewa humo, akaivaa tena. "Dalali Hija anakuja baada ya Alasiri. Nimeshampa neno langu."

"Neno si arubuni."

"Anakuja nayo. Mnunuzi wa mjini kampa aje nayo."

Hapo Mwajabu aliiona hatari. Neno la mwanamume linaweza kugeuzwa kwa maneno mengine, lakini arubuni ni fedha ya kufunga biashara. Mtu akishaipokea mbele ya majirani, hata iwe kidogo namna gani, nyumba imekwenda. Kuirudisha ni kujiita kigeugeu mwenyewe, na Kondo angekubali kutembea bila kanzu kabla ya kuitwa hivyo.

Chanzo cha yote kilikuwa mkonge. Miaka michache baada ya Vita vya Hitla bei ya mkonge ilipanda kama iliyopagawa. Meli zikapanga foleni bandarini, na kila mwenye mabega mawili akapata kazi. Watu wakamiminika kutoka bara wakitafuta pa kulala, na hapa Temeke mwenye nyumba ya bati akaanza kutembea kwa madaha. Kisha bei ikaanguka bila kuaga. Kondo, aliyekuwa mnyapara wa wapakiaji katika ghala moja la katani, alipunguzwa kazi mwezi mmoja kabla ya mfungo. Wapangaji wake walikuwa wamepunguzwa kabla yake, na mmoja mmoja walikunja mikeka yao wakarudi kwao. Nyumba ya vyumba sita ikabaki na watu watatu tu: Kondo na Mwajabu chumba cha mbele, na chumba cha nyuma, karibu na choo, Kasiani, Mnyamwezi aliyekuwa fundi wa karakana naye sasa hana karakana. Zuena, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa Mbagala.

Nyumba nazo zikaanza kuuzwa kama mchicha wa jioni, maana muuzaji anataka kurudi nyumbani na mnunuzi anajua.

"Tutakwenda Maneromango," Kondo alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Kaka yangu ana shamba. Atatupa chumba."

"Chumba cha kupewa nakijua. Nimekulia humo."

Alikuwa anakijua kweli. Mwajabu alifiwa na wazazi mapema, akalelewa katika nyua za wajomba watatu, leo huku, kesho kule. Katika ua wa watu unaamka wa kwanza na kula wa mwisho, na hata ukimfukuza kuku unaulizwa kakukosea nini. Siku bati la mwisho lilipogongwa msumari juu ya nyumba hii, Mwajabu alitoka uani akamfukuza kuku bila sababu yoyote, kisha akaketi akacheka peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba kwake, na hakuwa tayari kuirudisha.

"Wale wachukuzi wawili wa juzi," alisema, "walikuja na mikeka yao kichwani. Wakasema watatoa shilingi sita kwa chumba. Ukawafukuza."

"Shilingi sita, chumba cha bati? Hii nyumba si banda la mbuzi. Chumba changu ni shilingi kumi."

"Chumba chako ni shilingi kumi na ndani analala popo. Baba Zuena, chumba hutaki kishuke shilingi nne, nyumba nzima unaishusha nusu hata hukohoi. Hesabu gani hiyo?"

Kondo alisimama. "Mwanamke hanifundishi hesabu ndani ya nyumba yangu," alisema, akatoka kwenda kukaa barazani, mgongo ameupa mlango.

Mwajabu alibaki ukumbini, mikono kiunoni. Alikuwa amesema kweli tupu, na ile kweli ilikuwa imempita mumewe kama upepo upitavyo kwenye wavu. Alijua kwa nini. Wakati ule wa neema Kondo ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kupandisha chumba mpaka shilingi kumi. Watu walimcheka wiki moja, ya pili wenye nyumba wote wakamfuata, na mpangaji akiuliza bei popote alijibiwa, "Kama kwa Kondo." Tangu hapo akaitwa Bwana Kumi. Kazi ilikuwa imekwenda, mshahara umekwenda, unyapara umekwenda; jina lilikuwa limebaki. Kuuza nyumba ni msiba, na msiba humpata yeyote. Lakini kushusha chumba, kwake yeye, kulikuwa ni kuvuliwa nguo sokoni.

Na aibu ya namna hiyo haiwezi kuondolewa na mke. Mke akisema, ni dharau. Jirani akisema, ni ugomvi. Mwajabu alikwenda uani akiwaza ni nani basi awezaye kumwambia Mzaramo kama Kondo kwamba ni mpumbavu, mbele za watu, na Mzaramo huyo akalazimika kucheka.

Kasiani alikuwa uani, anamkazia Mwajabu mguu wa mbuzi ya kukunia nazi.

Mwajabu alisimama akamtazama kwa muda mpaka Kasiani akaanza kuona haya. "Dada Mwajabu, kama ni kodi..."

"Si kodi. Nyundo iache. Nani mtani wako hapa Temeke?"

"Wazaramo wote," Kasiani alisema, "Mungu alinichapa."

"Na msibani mtani hufanya nini?"

Kasiani aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye uso mzito wa kanisani, na uso huo ulianza kufunguka kidogo kidogo. "Nani kafa?"

"Nyumba."

"Nyumba ina watani?"

"Ina mwenyewe Mzaramo. Inatosha." Akamweleza mambo ya Hija na arubuni, kwa maneno machache, huku akikunja kanga yake kiunoni. "Mie nikisema nimemkosea adabu. Wewe ukisema, ni mila. Akikukasirikia, kajifedhehesha mwenyewe. Na usinitazame hivyo. Wakumbuka alivyokufanyia Mtoni?"

Kasiani alikumbuka sana. Alipozikwa binamu yake kule Mtoni, Kondo alifika kwa haki ya utani, akavaa koti la marehemu, akaingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo akikoroma. Alitoka pale tu alipokombolewa kwa jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa wa Kasiani, naye alikuwa akimtunza kwa Krismasi.

"Jogoo yule," Kasiani alisema polepole, "alikuwa mwekundu." Akaingia chumbani kwake kutafuta bisibisi.

Adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha kitambo, na Kondo ametoka msikitini akarudi kukaa pale pale barazani bila kuingia ndani, Dalali Hija alipotokea mwisho wa mtaa, mfupi, mnene, anatembea kwa haraka na kengele yake ya shaba mkononi. Alikuwa haigongi kengele bure. Aliigonga mara moja mbele ya baraza, ili majirani watoke wawe mashahidi, nao wakatoka.

"Salaam aleikum, Bwana Kondo. Mambo mazuri hayangoji."

"Aleikum salaam. Karibu, karibu ndani..."

Kondo aligeuka amkaribishe, akakuta ndani kumekuwa wazi kupita kawaida. Mlango haukuwapo. Ule mlango wa mninga, ambao alikwenda kuuchagua mwenyewe kwa fundi na kuupaka mafuta ya nazi kila Idi, ulikuwa umelazwa sakafuni ukumbini, bawaba zimening'inia. Juu yake amelala Kasiani, ameingiza kichwa katika kofia ya zamani ya unyapara ya Kondo, amejifunika kaniki ya Mwajabu mpaka kidevuni. Alikuwa analia. Alilia kwa sauti nene yenye kupanda na kushuka, kilio cha mtu aliyelipwa.

"Mama weee! Nyumba ya bati imekufa! Imekufa kijana, haijazaa hata kibanda cha kuku!"

Hija alirudi hatua moja. "Kuna nini humu?"

"Msiba," Mwajabu alisema kutoka kizingitini, uso mkavu. "Karibu matangani, Mzee Hija."

"Kasiani!" Kondo alisema. "Toka juu ya mlango wangu."

"Nani huyu anazungumza na jeneza?" Kasiani aliiuliza dari. "Ndiye mfiwa? Maskini. Nimesikia marehemu alikuwa na vyumba sita. Chumba kimoja kilipanga popo, cha pili buibui, cha tatu popo mwingine, shemeji yake yule wa kwanza. Wote mfiwa amewatoza shilingi kumi, na hakuna aliyelipa."

Barazani mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Wakaja binadamu," Kasiani aliendelea, "binadamu wenye mikeka, wenye jasho, wenye shilingi sita mkononi. Mfiwa akasema, 'Ondokeni, nyumba yangu ina heshima.' Heshima ikaingia chumbani ikalala. Asubuhi wakaiuliza heshima kodi, ikasema haina!"

Sasa walicheka wazi, wanawake kwa wanaume. Kondo alikuwa amevimba shingo. Mwajabu aliiona ile shingo, akaona na macho ya majirani yote yameelekea hapo hapo, yanangoja. Hakuna Mzaramo asiyejua kinachofuata mtu akimkasirikia mtani wake: hadithi hiyo hufika Kisarawe kabla yake.

"Mpagazi wewe," Kondo alisema mwishowe, na sauti ilimtoka ikiwa imepinda, nusu hasira na nusu kitu kingine. "Babu yako alikuja Pwani na mzigo kichwani. Tangu autue kichwa kimebaki kitupu."

"Kweli kabisa. Na mzigo wenyewe aliutua hapa. Nikaufungua. Nikakuta Mzaramo amelala." Kasiani alijigeuza ubavu, mlango ukalia. "Sasa mtani, mie nimekufa na nyumba yako. Siondoki juu ya jeneza hili mpaka nikombolewe. Mila ni mila. Jogoo wangu ananisikia huko aliko."

Hapo hata Hija alicheka, ingawa mkono wake ulikuwa bado umeshika mfuko wa arubuni. Kisha akaurudisha mfuko ndani ya koti. "Bwana Kondo, komboa kwanza. Mie ni mtu wa Pwani. Sitoi arubuni juu ya maiti ya watu, tena mlango wenyewe umelaliwa na Mnyamwezi. Mnunuzi wangu atasema nimemnunulia mkosi."

"Wataka nini?" Kondo alimuuliza Kasiani. "Jogoo sina."

"Jogoo sitaki."

"Sema basi."

Kasiani aliinuka nusu, akakaa. Kofia ya unyapara ilimwangukia usoni, akaisukuma juu kwa kidole, na kwa mara ya kwanza akasema bila kulia. "Shusha chumba, mtani. Shilingi sita. Nami nitakupandishia mlango."

Kondo alimtazama Kasiani, akamtazama Mwajabu. Mwajabu alitazama mabati. Alijua kwamba akifungua mdomo wakati huo, hata kwa neno jema, kila kitu kitaharibika. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile, maana neno alikuwa nalo tayari ulimini.

"Nikishusha mie," Kondo alisema taratibu, na alikuwa hasemi tena na mtani, "mtaa mzima utashuka. Watu watasema Bwana Kumi ndiye aliyewaharibia."

"Nani atasema?" Sauti ilitoka barazani. Alikuwa Bi Mwanakombo wa nyumba ya pili, mjane mwenye vyumba vitano na mdomo unaovijaza vyote. "Mie vyumba vyangu vitatu havina mtu tangu Rajabu. Nakungoja wewe. Mjane akitangulia kushusha wanasema kafilisika. Ulitangulia kupanda tukakufuata. Sasa utangulie kushuka tukufuate, au wataka tung'ang'anie juu ya mnazi mpaka tuoze?"

"Na mie nangoja," alisema mwingine nyuma yake.

"Hata mie, Bwana Kondo. Aibu ya kutangulia tu."

Mwajabu aliona kitu kikipita usoni mwa mumewe. Mabega, yaliyokuwa yameanguka tangu siku alipopunguzwa kazi, yaliinuka kidogo ndani ya kanzu ya Ijumaa. Alikuwa amedhani mtaa unamtazama ili umcheke. Kumbe ulikuwa unamngoja aongoze.

"Mlikuwa mnaningoja?"

"Kwani nani mwingine?" Bi Mwanakombo alisema. "Fanya upesi, wali wangu uko motoni."

Kondo alikohoa. Alirekebisha kofia. Kisha akasema kwa ile sauti ya zamani ya ghalani, sauti iliyokuwa ikiamrisha marobota ya katani yapande na kushuka:

"Chumba cha bati, Temeke, shilingi sita. Kuanzia leo. Atakayeuliza, aambiwe ni kama kwa Kondo."

Wanawake walipiga vigelegele. Kasiani alianguka tena chali juu ya mlango, akafufuka papo hapo, akaomba bisibisi.

"Na mie je?" Hija aliuliza. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ametoka mjini kwa miguu. "Nimekuja kuuza nyumba. Nirudi na kengele mkono mtupu?"

Sasa Mwajabu aliona ruhusa ya kusema imefika. "Dalali, kazi yako kutangaza au kuuza?"

"Kutangaza, Mama."

"Basi tangaza. Vyumba vyangu vinne, vya Bi Mwanakombo vitatu, na hawa wengine watataja vyao. Kila atakayepanga kwa kengele yako, mwenye chumba atakupa ujira wako. Na kwa nyumba hii utakula vitumbua kila ukipita, mpaka mkonge upande bei."

Hija alipiga hesabu usoni. "Vya moto?"

"Ukija mapema."

"Njia ya bandarini sasa hivi inajaa watu," Hija alisema. "Vibarua wanatoka."

"Mbona umesimama?"

Hija alisimama kweli, kwa sababu Kondo alikuwa amemshika bega. "Hawa vibarua hawakujui wewe. Wananijua mie," Kondo alisema, akashuka ngazi ya baraza akatangulia mbele, kanzu ikipepea. Dalali akamfuata nyuma akigonga kengele. Sauti zao zilisikika mtaa wa pili, halafu wa tatu: kengele, kisha "shilingi sita, kama kwa Kondo," kisha kengele tena.

Mwajabu alichukua ufagio. Alianza na chumba cha kwanza cha kulia, akawatoa buibui, akampiga popo pigo moja la kitambaa, akamwambia aende Maneromango. Mlangoni Kasiani alikuwa anakaza bawaba, huku anauliza kama vitumbua hivyo vya dalali vinamhusu na marehemu aliyefufuka.

"Wewe utakaa bure mpaka upate kazi," Mwajabu alisema bila kugeuka. "Lakini madirisha yote unanitengenezea. Na kaniki yangu uifue."

Bawaba ya mwisho ilikuwa haijakazwa sawasawa wachukuzi wawili walipotokea barazani, wale wale wa juzi, mikeka kichwani, wanatazama huku na huku kama watu waliowahi kufukuzwa mahali.

"Shikamoo, Mama. Tumesikia kengele. Ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli," Mwajabu alisema, akauegemeza ufagio ukutani na kuwafungulia mlango mwenyewe. "Futeni miguu. Bei ndiyo iliyoshuka, sakafu yangu bado ni ile ile."